Shule ya Kusukumana

Kulikuwa na nchi moja, na msiniulize iko wapi, kwa sababu nikiitaja nitalala ndani na ninyi ndio mtakuwa mmeniponza. Itoshe kusema ilikuwa na bendera, wimbo, na mawaziri wengi kuliko madaraja. Katikati ya mji wake mkuu ulipita mto uliowagawa vijana mafungu mawili. Wa upande huu waliitwa watu wa Mlimani, wa upande ule watu wa Ng'ambo. Walioana, walizikana, walitaniana kutwa kucha. Tofauti yao kubwa ilikuwa namna ya kununua vitu, na hiyo ndiyo iliyoleta balaa lote ninalowasimulia.

Kijana wa Mlimani hakuwa akienda dukani kivyake. Walikusanyana kundi zima, wakamchagua mmoja wa zamu, wakamtuma aingie awanunulie wote, na waliobaki wakakaa barazani kutafuna karanga na kusengenya. Ukimwona wa Mlimani kaingia peke yake kujinunulia kiatu, ujue ama kaugua ama kaanza udokozi. Kijana wa Ng'ambo yeye alikwenda mwenyewe, lakini akifika mlangoni anasimama. "Tangulia," anamwambia aliye nyuma yake. "Hasha, tangulia wewe." "Siwezi, wewe umetoka mbali." Wataambizana hivyo mpaka jasho liwatoke. Na akishaingia, akikuta rafu imebakiwa na kitu kimoja, hakigusi hata kwa dawa, maana huenda yupo anayekuja ana shida nacho zaidi.

Waliishi hivyo na maduka hayakufa. Lakini Mtukufu Mwenye Nchi akaenda ziara nchi za nje, na huko, akiwa amejinyoosha hotelini, akaona kwenye televisheni vijana wakivunja mlango wa duka siku ya punguzo la bei, na mzee mmoja akikanyagwa kwa ajili ya mashine ya kusagia matunda. Mtukufu akatokwa na machozi. Aliporudi aliwakusanya watu uwanjani juani.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimeyaona maendeleo kwa macho yangu haya! Maendeleo si barabara. Maendeleo si hospitali, hospitali tunayo. Maendeleo ni kijana kumkanyaga mwenzake kwa sababu ya kitu ambacho nyumbani anacho! Sisi kwetu kijana anasimama mlangoni anasema tangulia. Atangulie wapi? Nchi gani iliyoendelea kwa kupishana?"

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa asiyepiga alikuwa anaonekana. Jioni ile ile ikaundwa Wizara ya Hamasa na Manunuzi.

*

Punguzo Kuu la kwanza likatangazwa. Siku chache kabla, bei zote zikapandishwa ili zipate pa kushukia. Duka Kuu la Taifa likapakwa rangi upande unaoonekana barabarani, mabalozi wakakalishwa kivulini, kamera zikaelekezwa mlangoni, mlango ukafunguliwa. Watu wa Mlimani wakamtoa kijana mmoja mwenye kikapu. Watu wa Ng'ambo wakaanza yao: tangulia, hasha, tangulia wewe. Jua likawafikia utosini. Kijana wa kikapu akaenda na kurudi, lakini wa Ng'ambo hata mmoja alikuwa hajavuka kizingiti. Balozi mmoja akaanza kukoroma. Waziri mpya, Mheshimiwa Kidundo, alikuwa anajifuta jasho kwa karatasi za hotuba yake.

Ghafla mtu mmoja akawapita wote mbio, akawapiga vikumbo wawili watatu, akamruka mlinzi aliyeketi mlangoni, akapotelea ndani. Alikuwa binti wa Ng'ambo aitwaye Siwatu, na kamera zote zilimnasa. Masikini, wala hakuwa na habari na punguzo. Mkojo ulikuwa umembana tangu asubuhi, na choo cha karibu kilikuwa ndani ya duka.

Alipotoka, mwili mwepesi, akamkuta Waziri anamngoja mikono wazi.

"Binti, umeliokoa taifa!"

"Mheshimiwa, mimi nilikuwa nakwenda tu..."

"Ndiyo hasa! Ulikuwa unakwenda! Wenzako wamesimama kama nguzo, wewe unakwenda!"

Siwatu akajaribu tena kueleza, lakini alikuwa ameshavishwa nishani, na mtu aliyevishwa nishani mbele ya mabalozi haanzi kuzungumzia choo. Kabla wiki haijaisha alikuwa Mkufunzi Mkuu wa Kusukumana, mwenye mshahara, sare, na nyumba ya serikali yenye bomba la maji jikoni. Akahamia na mama yake, Bi Mboni, mjane, na mdogo wake, Hija.

Bi Mboni mwanzo aliona aibu ya kufa mtu. Mtaa mzima ulikuwa unasema mtoto wake hana adabu, kapita watu bila kuwaambia hata hodi. Lakini mama huyu alikuwa amechota maji mtoni maisha yake yote. Akalifungua lile bomba, akalifunga, akalifungua tena, na aibu ikapungua kidogo. Siwatu naye alipenda kuitwa mwalimu. Tusimwonee bure, maana sijui ni nani kati yenu angekataa.

*

Uwanja wa mpira ukageuzwa shule. Asubuhi walijifunza viwiko, mchana mabega, alasiri wimbo. Wimbo wenyewe ulikuwa na maneno mawili tu, "Mimi kwanza," yakirudiwa mpaka sauti zikauke.

Kazi haikuwa nyepesi. Watu wa Mlimani walimtuma kijana mmoja aje asome kwa niaba ya wote, kisha akawasimulie. Ikabidi itoke amri kwamba kila raia atajifunza kwa mwili wake mwenyewe. Watu wa Ng'ambo walikuja wote, wakasukumana kama walivyoelekezwa, lakini kila aliyemwangusha mwenzake alimwinua akampangusa vumbi. "Pole, ndugu yangu, hujaumia?" "Sijaumia, nisukume tena." Serikali ikapiga marufuku maneno "pole" na "samahani" msimu mzima. Hospitalini wauguzi wakawa wanawaambia wagonjwa "hongera". Waliokamatwa kwa kosa la kupisha walipelekwa korokoroni, na huko nako wakasimama mlangoni: tangulia, hasha, wewe ndiye mkubwa. Askari walikosa chakula cha mchana siku nyingi kwa ajili hiyo.

Lakini binadamu akifundishwa kila siku, mwishowe hufundishika. Siwatu aliligundua hilo kwenye foleni ya mkate. Kijana wa Ng'ambo, mwanafunzi wake, mpole aliyekuwa akisalimia mpaka mbuzi, alimpiga shangazi yake kiwiko cha kifua, akachukua mkate wa mwisho, akaondoka. Shangazi alibaki ameshika kifua, hakulia wala hakugomba, anamtazama tu kama anayejaribu kukumbuka ni mtoto wa nani. Siwatu akapiga hatua kumwendea. Kisha akakumbuka kwamba Waziri atafurahi, akaenda kumweleza, na kweli alifurahi.

*

Siku ya mtihani ilikuja. Katikati ya uwanja ilisimamishwa sanamu ya bibi kizee iliyojazwa pamba na kuvishwa kanga. Mwanafunzi alitakiwa aje mbio, amwangushe bibi, apite juu yake, aguse mlango wa mbao ng'ambo ya pili. Wengi wakafaulu. Wa Mlimani mmoja alifaulu hata akarudi kumkanyaga tena bila kuagizwa, akapewa kikombe.

Ikafika zamu ya Hija. Hija alikuwa binti mwembamba, mcheshi, mwenye kicheko cha kuambukiza. Akaenda mpaka kwa yule bibi wa pamba, akamgusa bega kwa ncha ya kidole. Bibi akaanguka. "Mama weee!" Hija akapiga kelele, akamwinua, akamfunga kanga vizuri, akamshika mkono wasubiriane. Uwanja ukaangua kicheko. Wakamrudisha mwanzo, akafanya vile vile, na kila alipoambiwa arudie alifanya vile vile. Akaandikiwa kwamba amefeli.

Jioni redio ikatoa utaratibu wa Punguzo Kuu la pili. Waliofaulu watasimama nyuma. Waliofeli watasimama mbele kabisa, mlangoni, kwa kuwa asiyejua kusukuma atajifunza kwa kusukumwa. Mtangazaji alisema utaratibu huo umetungwa na wataalamu.

Siwatu hakula usiku ule. Kulipokucha alikwenda ofisini kwa Waziri, akapiga magoti kwenye zulia.

"Mheshimiwa, nakuomba, mdogo wangu abaki nyumbani."

"Anaumwa?"

"Haumwi, mheshimiwa."

"Amekufa?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi hana sababu." Mheshimiwa Kidundo akamwinua kwa upole, maana alikuwa mtu mpole. "Mwalimu, ukimtoa wa kwako, kesho kila mtu atamtoa wa kwake, na mlangoni tutabaki na mabalozi watupu. Yeye pia ni raia. Unataka nimnyime haki yake ya kusukumwa kama wenzake?"

"Ni mdogo, mheshimiwa. Hana nguvu. Atakanyagwa."

"Wewe umewafundisha vizuri hivyo?" Waziri akatabasamu. "Na lile bomba la kwenu, linatoa maji?"

"Linatoa, mheshimiwa."

"Nimefurahi kusikia."

*

Basi akaona amfundishe mwenyewe. Akamsimamisha Hija kwenye mlango wa jiko, yeye akaziba njia.

"Nisukume."

"Nikusukume uende wapi? Ugali unaungua."

"Hija, mimi sitanii. Nisukume upite."

"Dada, si unipishe tu?"

"Watu hawatakupisha! Watakuja kwa nyuma kama ng'ombe, unanisikia? Ukisimama umekwisha! Toa kiwiko!"

Hija akatoa kiwiko, akamtekenya nacho, akacheka. Siwatu akapandwa na hasira ya woga, akamsukuma kwa nguvu zote. Hija akaanguka juu ya mafiga ya nje, mkono ukachubuka kutoka kiwikoni hadi kiganjani. Akakaa hapo chini, akapuliza kidonda, akamtazama dada yake.

"Sasa umefurahi?" akauliza, bila ubaya wowote, kama anayetaka kujua kweli.

Siwatu akaketi mavumbini karibu naye, akalia. Hija ndiye aliyembembeleza. Bi Mboni alikuwa amesimama dirishani muda wote huo, na mwisho akazungumza.

"Siwatu, filimbi ya kufungua mlango anapuliza nani?"

"Mimi, mama."

"Basi usiipulize."

"Si rahisi hivyo, mama."

"Kupuliza ndiyo rahisi?"

Siwatu akainuka. Akaingia ndani, akamtafutia mdogo wake kitambaa cha kufunga mkono.

*

Siku yenyewe ilipofika, Wizara ilifunga ubawa mmoja wa mlango wa Duka Kuu, ili watu waonekane wengi kwenye picha. Mabalozi wakakalishwa kivulini. Ndani, rafu zilijaa makasha ya televisheni mpaka darini, na makasha yote yalikuwa matupu, kwa sababu shughuli ilihusu mlango, na hakuna aliyeona haja ya kuagiza televisheni zenyewe. Nyuma uwanja ulifurika vijana wenye vyeti. Wa Mlimani na wa Ng'ambo walikuwa wamechanganyika, huwezi kumjua yupi ni yupi, na Mtukufu aliposikia hivyo alisema umoja wa kitaifa umepatikana.

Mbele kabisa, wamebanwa na utepe, walisimama waliofeli. Siwatu alikuwa jukwaani kando ya Waziri, na alimwona Hija mara moja kwa kilemba chake cha kijani. Hija akampungia mkono uliofungwa kitambaa.

Hotuba zikasomwa. Utepe ukakatwa. Filimbi ilikuwa mdomoni mwa Siwatu na meno yake yalikuwa yanagongana nayo. Aliwaza kuimeza. Aliwaza kuruka chini. Aliwaza pia, siwafichi, nyumba na mama yake akirudi mtoni na ndoo.

"Puliza, mwalimu," Waziri alisema huku akiwachekea mabalozi. "Wageni wana ndege ya kuwahi."

Ningependa kuwaambia kwamba alisita sana. Alisita kidogo, kisha akapuliza.

Hija alikuwa ameshageuka kwa msichana mwenziwe. Kutoka jukwaani maneno hayasikiki, lakini Siwatu hakuhitaji kusikia. Aliona mkono wa Hija ukionyesha mlango, na aliona yule msichana akitikisa kichwa na kuonyesha naye. Walikuwa wanachekeana. Halafu wakaja wale wa nyuma, na kila walichofanya walifanya sawasawa kama alivyowafundisha, viwiko kwanza, kisha mabega, na wimbo juu. Kilemba cha kijani kikaonekana, kikazama, kikaonekana tena chini zaidi, na baada ya hapo hakikuonekana.

"Tumefika!" Mheshimiwa Kidundo alikuwa analia machozi. "Ndugu zangu, tumefika!"

Siwatu aliruka kutoka jukwaani akiita jina la mdogo wake. Aliwavuta watu mashati, aliwapiga, aliwasihi, aliwaita kwa majina yao. Hakuna aliyempisha. Vijana walikuwa wanatoka wamekumbatia makasha matupu, nyuso zinang'aa kwa furaha. Alipofika kizingitini watu wameshapungua. Hija alikuwa amelala kifudifudi, nusu ndani, nusu nje, na wenziwe wengine wapo juu yake na kando yake. Siwatu akamgeuza. Akamwita. Akamfuta uso kwa upande wa sare yake, akamfunga kilemba kilicholegea, akamwita tena kwa sauti ya chini kama anayemwamsha aende shule. Kisha akapiga ukelele uliosikika hadi Mlimani.

"Na yule ni mkufunzi wetu," mtangazaji alisema kwenye televisheni ya taifa, "akilia kwa furaha."

Taarifa ya jioni ilisema Punguzo Kuu limefana kupita matarajio, na kwamba baadhi ya wateja waliingia kwa ari kubwa mno kiasi cha kutohitaji kutoka.

*

Asubuhi Bi Mboni alikwenda kununua sanda mwenyewe. Siwatu alimfuata nyuma. Hakukaribishwa wala hakufukuzwa. Dukani walimkuta muuzaji, kijana wa Mlimani mwenye jicho lililovimba, na ukutani kwake kulibandikwa tangazo la Wizara.

"Sanda ya binti," Bi Mboni alisema. "Mwembamba. Urefu wake kama huyu."

Kijana akamtazama Siwatu, akamtambua, akainamisha macho. Akapima, akakata, akakunja. Kisha akapima tena, akakata kipande kingine kama kile.

"Nina maiti mmoja, mwanangu."

"Najua, mama. Ni punguzo. Ukichukua moja, ya pili unapewa bure."

"Siitaki."

"Najua, mama, po..." Akauma ulimi, akachungulia mlangoni. "Najua. Lakini nikikuuzia moja watanifungia duka. Leo vitu vyote vinatoka viwili viwili."

Bi Mboni akaweka mkono juu ya kile kitambaa cheupe.

"Haya," alisema. "Funga zote."

Hija akazikwa mchana. Baada ya mazishi, watu wakiwa wameketi mikekani, magari yakaingia mtaani, na Mheshimiwa Kidundo akashuka na wapiga picha wake. Akapewa kiti. Akakohoa.

"Mama, serikali imesikia. Serikali imeguswa. Baada ya kuangalia picha kwa makini, tumeona kwamba binti yako alikuwa wa kwanza kuvuka kizingiti, japokuwa kwa kichwa. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, namtangaza marehemu kuwa Mteja wa Kwanza wa Taifa."

Wapiga picha wakapiga makofi. Waombolezaji walitazama chini.

"Na wewe, mwalimu," Waziri akamgeukia Siwatu aliyekaa pembeni ya mama yake, "Mtukufu anakusalimu. Anasema mji mkuu umeweza, sasa anataka nchi nzima. Mwakani kila wilaya iwe na mlango wake. Tunakutegemea."

Watu wote wakamwangalia Siwatu. Neno alikuwa nalo, lilikuwa limemkaa kooni tangu jana, kubwa, tayari. Alifungua mdomo ili alitoe. Mbele yake palikuwa na kamera na sare za walinzi, na uso wa Mheshimiwa Kidundo ukimtabasamia kwa upole.

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema.

Bi Mboni akainuka mkekani. Akaingia chumbani, akatoka na ile sanda ya pili, imekunjwa vizuri, utepe wa duka bado umeifunga. Mheshimiwa Kidundo, aliyezoea kupewa zawadi kila nyumba anayoingia, akasimama, akanyoosha mikono yote miwili na kugeuza uso upande wa kamera. Bi Mboni akampita. Akainama mbele ya Siwatu, akamwekea kile kitambaa mapajani, akakilaza kwa kiganja kisianguke.

"Hii yako," alimwambia. "Walinipa bure."